Kwa Nini Seva Zetu Zilifanya Kazi Saa Nane za Usiku

Ukimwambia mtu wa Sigor kwamba kazi yako ni kutunza seva, swali la kwanza ni ziko wapi. Nyumba yako anaiona, ng'ombe wako anawaona, shamba la mahindi analiona, seva hazioni. Ukisema baadhi ziko Nairobi na nyingine Ujerumani, anaitikia kwa adabu kisha anakuuliza habari za mvua. Mjomba wangu ndiye pekee aliyekataa kuishia hapo. Alichuma chai miaka mingi kwenye shamba moja kubwa upande wa Kericho, akaondoka wakati mashine za kuchuma zilipoanza kuingia. Nilimweleza kwamba ufundi wangu ni kuandika maagizo mara moja, kisha mashine mia moja zikayafuata bila mimi kuzigusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana, kazi hiyo zamani ilikuwa ya watu wangapi?" Nikasema labda kumi. "Na wale tisa walienda wapi?"

Huku kwetu hilo si swali la utani. Sigor iko Chepalungu, pembezoni mwa nchi ya chai. Chai yenyewe imeshika nyanda za juu, Konoin na Bomet ya kati na kuvuka hadi Kericho. Sisi wa huku chini kwenye joto tuna mahindi, maharagwe na ng'ombe. Hata hivyo ni vigumu kupata boma la Sigor ambalo halijawahi kutoa mtu wa kwenda kubeba kikapu cha majani mgongoni. Mashine za kuchuma zilipozidi mashambani, wafanyakazi waligoma mwaka 2010, na Mei 2023 vijana walichoma moto kadhaa kati ya mashine hizo huko Kericho. Kwa hiyo nilimwahidi mjomba jibu kamili. Jibu lenyewe limenilazimisha kurudi nyuma hadi mwanzo wa kazi hii nchini.

Katikati ya miaka ya 1990 barua pepe na intaneti zilikuwa zimefika Nairobi kupitia milango michache: kituo cha ARCC, kisha kampuni kama Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Mwaka 1998 shirika la posta na simu likafungua Jambonet, na kwa muda hiyo ikawa ndiyo njia halali ya kutoka nje ya nchi. Kila kitu kilipanda setilaiti. Barua ya mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni ya pili, pengine ghorofa mbili juu katika jengo lilelile, ilipaa angani, ikashuka Marekani au Ulaya, ikapaa tena na kurudi. Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano humu nchini, KIXP. Kampuni ya simu, Telkom Kenya, ikalalamika, tume ya mawasiliano ikaagiza kifungwe baada ya wiki kama mbili, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Nayataja haya kwa sababu mistari mingi ya maagizo ya seva niliyokuja kuiandika baadaye ilibeba alama ya bei ya setilaiti ile. Megabiti moja kwa mwezi ililipiwa maelfu ya dola.

Niliingia kazini mwaka 2003, kwenye kampuni ndogo ya intaneti ambayo chumba chake cha seva kilitenganishwa kwa mbao na chumba cha kupikia chai. Seva zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na jina. Aliyenitangulia alizipa majina ya milima. Zamu yangu ilipofika nikaleta mito ya nyumbani. Seva ya barua pepe ikawa nyangores, na ile ya majina ya tovuti ikawa amala. Mito hiyo miwili inatoka msitu wa Mau na kukutana huku kwetu, upande wa Kaboson, ikawa mto Mara, kwa hiyo seva iliyopokea nakala rudufu za zote mbili nikaiita mara. Wakubwa waliona ni ushamba. Lakini usiku wa manane mtu wa zamu akipiga simu kusema "nyangores imeanguka," nilijua ni mashine gani, iko rafu ya ngapi, feni yake inalia vipi na diski yake ya pili ilinunuliwa wapi.

Ujuzi huo ulikaa vichwani. Tulikuwa na kaunta buku moja, jalada jeusi, ambamo kila aliyegusa seva alitakiwa kuandika tarehe na alichobadilisha, akisahau, basi. Tulipotaka kubadilisha jambo moja kwenye seva zote, tuliandika skripti fupi iliyozunguka kutoka mashine moja hadi nyingine kwa ssh, njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali kwa mtandao. Mashine iliyokuwa imezimwa saa hiyo ilibaki nyuma na hakuna aliyejua. Baada ya mwaka mmoja au miwili hapakuwa na seva mbili zilizofanana, ingawa zote zilinunuliwa siku moja na kuwekewa mfumo kutoka CD moja. Nasi zamu ilikuwa ya watu wawili. Mmoja akienda kula, mmoja.

Dawa ya maradhi hayo ilikuwa imepatikana Norwei miaka kumi kabla. Mark Burgess, mwanafizikia Mwingereza aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oslo, alitunza kompyuta za idara ya fizikia ya nadharia, kila moja na aina yake ya Unix na amri zake. Mwaka 1993 aliandika CFEngine, akaitoa kama programu huria. Wazo lake lilikuwa kwamba usiitajie mashine hatua za kufuata. Itajie hali unayotaka iwe nayo, halafu iachie ijikague na kujirekebisha mara kwa mara. Ukiendesha maagizo hayo mara moja au mara mia, mashine inaishia palepale. Mwaka 1998, kwenye mkutano wa watunza mifumo wa LISA huko Boston, Burgess alitaka kompyuta ziwe na kinga kama ya mwili wa binadamu, ziuguze vidonda vyake kabla daktari hajaamshwa. Toleo la pili lilitoka mwaka 2002, na hilo ndilo lililotufikia.

Chuoni sikufundishwa lolote kati ya haya. Chuo halisi cha watu wa kazi yetu kilikuwa warsha za AfNOG, zilizoanza Cape Town mwaka 2000, zikazunguka Accra, Lomé, Kampala, Dakar na Maputo kabla ya kufika Nairobi mwaka 2006. Huko wahandisi wa kampuni za intaneti na vyuo vikuu vya Afrika walikaa siku kadhaa mbele ya terminali wakifundishana FreeBSD, barua pepe, majina ya tovuti na njia za mitandao. Aliyehudhuria alirudi ofisini na CD zilizojaa programu na miongozo, nasi tukazinakili mpaka zikachubuka. Baadaye kidogo kukawa na CD za Ubuntu, zilizotumwa bure kwa posta hadi 2011 kwa yeyote aliyeziomba. Mimi niliziagiza kwa sanduku la shule aliyofundisha baba, Bomet, naye akazipokea kwa kutia sahihi akidhani ni vitabu.

Faili yetu ya CFEngine 2, iitwayo cfagent.conf, ninayo mpaka leo. Ina mistari kama mia nne, na ukiisoma taratibu inakueleza mambo ambayo hakuna ripoti ya kampuni iliyoyaandika.

Juu kabisa kuna actionsequence, orodha ya kazi kwa mpangilio: kwanza nakili faili, kisha hariri faili, kisha endesha amri. Sisi ndio tuliopanga, na tulijivunia upangaji huo. Chini yake kuna SplayTime, kipimo kinachoifanya kila mashine isubiri dakika zake yenyewe kabla ya kuanza, ili zisikimbilie mlangoni zote kwa pamoja. Kwa aliyekuwa na mkondo mpana hicho kilikuwa kipengele cha anasa; sisi tulikitumia kwa sababu mashine ishirini zikianza pamoja, wateja waliokuwa wakisoma barua zao walikatika. Halafu zinafuata sehemu zinazoanza kwa jina la seva: nyangores, nukta mbili mara mbili, na chini yake mambo yanayoihusu hiyo peke yake. Kuna agizo liitwalo AppendIfNoSuchLine, ambalo huongeza mstari kwenye faili ikiwa tu mstari huo haumo. Hapo ndipo falsafa nzima ya Burgess ilipokaa. Skripti zetu za zamani ziliongeza mstari kila zilipoendeshwa, na niliwahi kufungua faili nikakuta anwani ileile imejirudia mpaka chini ya ukurasa.

Katikati kuna kundi la mistari linaloanza kwa Hr02. Hiyo ni saa nane za usiku. Hapo ndipo seva zilipovuta masasisho kutoka nje ya nchi, kwa kuwa wateja walikuwa wamelala na setilaiti ilikuwa tupu. Mbele kidogo kuna Tuesday na saa za asubuhi, na amri ya kuzima mashine za maabara ya mafunzo kwa utaratibu. Hizo ziliongezwa mwaka 2009, wakati ukame ulipokausha mabwawa na umeme ukatolewa kwa mgao. Ratiba ilipotangazwa, mtu aliigeuza kuwa konfigi jioni hiyohiyo. Pembeni, baada ya alama ya reli, kuna maneno ya watu wenyewe. "Usiguse hapa, uliza mzee." Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 31. Mwingine ameandika malalamiko juu ya jenereta, kwa Kikipsigis, na sitayarudia hapa.

Burgess aliendelea kufikiri. Kuanzia mwaka 2004 alijenga nadharia ya ahadi, inayosema kwamba kila kiungo katika mfumo kinaweza kuahidi juu ya mwenendo wake chenyewe tu, wala hakuna kinachoweza kuahidi kwa niaba ya kingine. Seva kuu haiamrishi. Inatangaza sera, na kila mashine inaichukua kwa hiari yake na kuitekeleza juu yake yenyewe. Mwaka 2008 alianzisha kampuni, na CFEngine 3 ikaja ikiwa imeandikwa upya kuanzia msingi juu ya nadharia hiyo. Faili ya toleo la pili haikusomeka na toleo la tatu. Ile mistari mia nne yetu ilibidi iandikwe upya yote.

Mwongozo wake ulikuwa mnene. Tuliuchapisha kwa awamu kwenye duka la fotokopi karibu na Moi Avenue, tukagawana sura, na Jumamosi kila mmoja akawafundisha wenzake sura yake. Kilichotutesa hakikuwa mabano mapya wala neno bundle lililotangulia kila kitu. Ilikuwa actionsequence yetu kutoweka. Katika toleo la tatu mpangilio wa aina za kazi ndani ya kila bundle umewekwa na programu yenyewe, na ajenti hupita juu ya ahadi hizo hadi mara tatu: iliyoshindikana mara ya kwanza kwa kukosa kitu fulani hupata nafasi ya pili kitu hicho kikiwa kimeshaundwa. Fundi aliyezoea kusema "hiki kwanza, kile baadaye" alijiona amenyang'anywa usukani. Mmoja wetu, fundi hodari kuliko mimi, alikataa kabisa na kurudi kwenye skripti zake. Wiki hiyo nilimwona mkaidi, leo namwelewa. Mimi niliikubali siku nilipozima seva ya maabara katikati ya kazi, nikaiwasha, nikakaa nikiitazama. Kila dakika tano cf-agent iliamka, ikakuta kilichopungua, ikakiongeza, na safari ya tatu haikuwa na la kufanya ikanyamaza. Hakuna skripti yangu iliyowahi kujua kunyamaza.

Sasa angalia kilichotokea kwenye ile Hr02. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa, TEAMS ikafuata mwaka huohuo, EASSy mwaka 2010. Bei ya mkondo ilianza kushuka na faiba ikaingia majengo ya Nairobi. Sababu ya kuvuta masasisho saa nane za usiku ilikuwa inakufa wakati uleule tulipokuwa tukihamisha faili kwenda toleo jipya. Lakini tulikuwa tumegawana kurasa, kila mmoja akitafsiri mistari yake kutoka sarufi ya zamani kwenda mpya, na aliyepewa ukurasa wa Hr02 aliutafsiri kwa uaminifu. Ukafanya kazi, na hakuna aliyeuliza ulikuwa wa nini.

Ndivyo matoleo mapya yanavyofanya kazi kwenye ufundi huu, na sijaona jambo hilo likielezwa vya kutosha. Watu hufikiri toleo jipya ni mwanzo mpya. Katika hali halisi mtu hujifunza lugha mpya ili aseme kwayo mambo yaleyale, yakiwemo yale ambayo maana yake imeshapotea, kisha faili ya zamani iliyokuwa na maelezo inafutwa kwa sababu inachafua saraka.

Mwaka uliofuatia ujio wa EASSy uligusa nyumbani kwa namna nyingine. Septemba 2011, Longisa, hapa hapa Bomet, ndipo ugonjwa hatari wa mahindi uliotokana na virusi viwili kukutana uliporipotiwa kwa mara ya kwanza nchini. Majani yalikauka kuanzia kingoni kuingia ndani, na mahindi yaliyokuwa yamefika kifuani yakafa bila kuzaa. Mama alipoteza karibu shamba lote. Jirani aliyepanda mbegu ileile alipoteza pia, na jirani wa jirani. Wakati huohuo nilikuwa nikifanya kazi mahali pengine, ambapo mtu aliandika vibaya anwani ya seva ya majina kwenye sera ya CFEngine. Kosa la namna hiyo, enzi za kaunta buku, lingeua mashine moja. Safari hii mashine zote zililipokea kwa utiifu na ndani ya dakika chache hakuna iliyoweza kupata jina la nyingine. Nilipokuwa nikipiga simu nyumbani kuuliza habari za shamba, nilielewa vizuri kuliko nilivyopenda ile hali ya mbegu moja kwenye kila shamba.

Puppet nitaipitia upesi. Luke Kanies, Mmarekani aliyekuwa ametumia CFEngine kwa miaka kadhaa, aliianzisha mwaka 2005 kwa lugha ya Ruby, na kampuni kubwa za Nairobi nilizofanyia kazi baadaye ziliipenda kwa sababu ilikuwa na moduli zilizokwisha kuandikwa na wengine. Toleo lake la nne, mwaka 2015, lilihamisha saraka zote kwenda mahali papya na kubadilisha jambo dogo la kutisha: maneno matupu, yaani alama mbili za kunukuu zisizo na kitu ndani, ambayo awali yalihesabiwa kuwa si kweli, yakaanza kuhesabiwa kuwa kweli. Masharti yaliyokuwa yamelala miaka mitatu yakaamka. Nilijifunza toleo hilo, nikalipwa kwa kulijua, na siwezi kusema nililipenda.

Enzi hizo ndipo seva zetu zilipopoteza majina. Wamarekani walikuwa wameanza kusema kwamba seva isiwe kama mnyama wa kubembelezwa nyumbani, bali kama ng'ombe: ikiugua unaiondoa na kuleta nyingine. Aliyetunga msemo huo hakukulia Chepalungu, ambako ng'ombe ana jina na jina hilo linajulikana hadi boma la tatu. Hata hivyo msemo ulishinda, na nyangores ikawa mail-01.

Kisha ikaja Ansible. Michael DeHaan aliitoa mwaka 2012, akaipa jina la chombo cha kuwasiliana kati ya nyota, lililotungwa kwanza katika riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1966. Red Hat iliinunua kampuni yake mwaka 2015. Kwa watu wenye vikosi vidogo na bajeti ndogo ilikuwa nafuu kubwa: haihitaji ajenti kwenye kila mashine wala seva kuu ya kuilisha, inatosha ssh na Python, vitu ambavyo seva ya Linux kwa kawaida huwa navyo tayari. Maagizo yake ni orodha inayosomwa kutoka juu kwenda chini. Mpangilio ulirudi mikononi mwetu. Yule fundi mkaidi alinipigia simu kucheka.

Niliondoka Nairobi kabla safari za kutoka mjini hazijafungwa kwa ajili ya korona Aprili 2020, nikafanya kazi kutoka Sigor kwa laptopu na intaneti ya simu. Septemba mwaka huo likatoka toleo la 2.10, na hilo nililijifunzia hapa. Hadi 2.9 moduli zaidi ya 3,000 zilikaa pamoja kwenye ghala moja. Sasa zilitawanywa katika makusanyo, kila kusanyo na watunzaji wake na kalenda yake. Kile kilichoitwa copy kikaitwa ansible.builtin.copy, na vingi vingine vikahamia community.general. Hata kupanda kutoka 2.9 kulihitaji uifute kwanza ile ya zamani, kwani pip, programu ya kusakinisha, ilishindwa kuvuka yenyewe. Mtu wa mjini alipakua furushi zima na kuendelea. Mimi, kwa bando la kununua na mvua iliyokata mawimbi kila alasiri, nilichukua ansible-base, yaani kiini chake, peke yake, nikasoma orodha ya moduli nilizokuwa nikizitumia kweli, nikachukua makusanyo manne. Ufinyu wa mkondo ulikuwa umenirudia, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilijua kwa hakika kila kipande cha programu kilichokuwa mbele yangu.

Msichana wa jirani, aliyemaliza chuo na kukosa kazi, alianza kuja kujifunza. Tulianza na mashine pepe mbili kwenye laptopu moja, kisha nikampa faili halisi azisome. Siku moja akaweka kidole kwenye kioo. "Mwalimu, hii inaendeshwa saa nane za usiku. Kwa nini?" Ulikuwa mstari wa cron, ratiba ya kazi za seva, hour sawa na 2, kazi ya kuvuta masasisho, kwenye seva iliyo Ulaya ndani ya kituo chenye mkondo usiojaa. Saa nane zetu za usiku huko ni saa sita au saba za usiku. Nikarudi nyuma nao: kutoka Ansible kwenda Puppet, kutoka Puppet kwenda CFEngine 3, na mwisho nikafungua ile cfagent.conf. Nikamwonyesha Hr02. Ilibidi nimweleze setilaiti, Jambonet, KIXP iliyofungwa, bei ya megabiti. Alizaliwa mwaka ambao KIXP ilifunguliwa tena. Tukaiondoa saa ile, akaiweka kazi hiyo mchana, na kwenye maelezo ya pembeni akaandika sababu.

Lipo na suala la nani anaimiliki kazi hii. Programu hizi ni huria, na uhuria huo umetufaa sana. Nisingeingia kwenye ufundi huu kwa leseni za kununua. Lakini huria nayo ina wenye mali. CentOS, mfumo tuliouweka kwenye seva nyingi mno za Kenya, ulikatwa mwaka 2020 kwa tangazo moja, na toleo lake la 7 likafikia mwisho Juni 2024. Novemba 2024 Perforce, inayomiliki Puppet tangu 2022, ilitangaza kwamba pakiti zake mpya zitawekwa mahali pasipo wazi kama zamani. Mapema mwaka 2025 jumuiya ya Vox Pupuli ikatoa OpenVox kutokana na msimbo uleule. Sheria inaruhusu hivyo, na ndiyo maana nasema huria ina nguvu. Bado kuna mtu mahali fulani atakayekesha akijifunza tofauti.

Mjomba nilimpa jibu lake. Nilimwambia kwamba wale tisa hawakufukuzwa. Kwetu hawakuwahi kuajiriwa. Oslo au Marekani labda walikuwepo, lakini Nairobi zamu ilikuwa ya watu wawili tangu mwanzo, na programu hizi ndizo zilizofanya wawili wale waweze kulala. Alifikiri. "Basi mshahara wa wale tisa unaliwa na nani?" Sikuwa na jibu, na sina.

Nina ombi kwa wenzangu wa kazi. Ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya ya Kericho, za enzi za ukoloni, zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Mtu anayetaka kujua mashamba ya chai yalivyoenea anazifungua na kusoma. Ya kwetu tunayafuta kila toleo jipya linapotoka. Kama unayo cfagent.conf ya miaka ile, site.pp ya Puppet, au hata kaunta buku lenye madoa ya chai, ondoa manenosiri na funguo za siri, ondoa na majina ya wateja. Maelezo ya pembeni yaache yalivyo, pamoja na matusi juu ya jenereta. Andika mwaka, mji na seva zilikuwa ngapi, kisha weka nakala mahali pawili.